Uvimbe wa Ufizi kwa Mama Mwenye Mimba



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo ni dogo kwa kimo, maana mara nyingi halizidi punje ya hindi. Lakini ni kubwa kwa hofu linayoleta nyumbani. Jambo lenyewe ni kinyama chekundu kinachoota katika ufizi wa mwanamke mwenye mimba. Twasema hasa na watu wa Mbulu na Hanang, wale wa juu kwenye baridi na wale wa chini ya mlima, kwa kuwa huko ndiko tunakofundisha, na huko ndiko tulikoyaona tutakayoeleza. Hata hivyo kinyama hiki hakichagui kabila wala nchi. Mama wa Ulaya na Marekani hukipata vilevile, na madaktari wamekiandika habari zake kwa zaidi ya miaka mia.

Kwanza tutawaeleza kisa, kisha tutaeleza maana yake.

Miaka michache iliyopita, katika nyumba za walimu wa chuo chetu, alikuwapo mke wa mwenzetu mmoja, mama kijana mwenye mimba yake ya kwanza. Mimba ilipofika mwezi wa tano tuliona kuwa amebadilika. Zamani alikuwa mtu wa kicheko; sasa akawa akisema na watu huku ameziba kinywa kwa upindo wa kanga. Akikaribishwa chakula, husema ameshiba. Mumewe alidhani ni kichefuchefu cha mimba tu, wala hakuuliza zaidi.

Asubuhi moja jirani yake alimkuta akifua foronya ya mto, nayo ilikuwa na madoa ya damu. Ndipo alipofungua kinywa. Katikati ya meno mawili ya mbele, upande wa juu, palikuwa na kinyama chekundu, laini, chenye kung'aa, kama tunda la mforosadi lililoiva. Alisema kwamba kilianza mwezi wa nne kikiwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kwamba kila akitafuna kitu kigumu, damu hutoka.

Habari ikaenea, na kila mtu akawa na neno lake. Mmoja alisema kwamba ni saratani, na kwamba mama huyu hatamwona mwanawe akitembea. Wa pili alisema ni jicho baya. Wa tatu alisema ni dalili ya kuwa mtoto aliye tumboni ana kilema. Mama mkwe wake, mtu mwema sana aliyetoka kijijini kuja kumtunza, alisema, "Mwanangu, hiki ni kitu kidogo. Nitakifunga kwa uzi, kisha nitakikata kwa wembe nilioutia katika maji ya moto." Yule kijana akajibu kwa adabu, "Ndiyo, Mama." Lakini usiku alilia.

Na sisi walimu, watu wa vitabu, tulifanya nini? Sisi nasi tulifanya kosa letu, na twaliungama mbele yenu ili liwafae wengine. Tulipoona kwamba mswaki wake una damu tulimwambia, "Shemeji, acha kwanza kupiga mswaki, mpaka damu ikome." Tulisema kwa moyo mwema, tena kwa sauti ya mtu ajuaye. Akatusikiliza, akaacha mswaki majuma matatu. Na katika majuma hayo matatu kinyama kilikua maradufu, hata akawa hawezi kufumba midomo vizuri.

Hatimaye, siku ya mnada, magari yalipokuwa mengi barabarani, alisindikizwa hospitali na mumewe, na mama mkwe, na sisi wawili watatu. Daktari wa meno alimtazama kwa utulivu, kisha akamwuliza maswali manne: Mimba ina miezi mingapi? Kinyama kilianza lini? Je, meno yanacheza? Na je, mama, wapiga mswaki? Aliposikia jibu la swali la nne aliuliza, "Nani aliyekwambia uache?" Akatutazama sisi. Tukanyamaza kama wanafunzi waliokosa hesabu.

Kisha akamgeukia mama mkwe, akasema, "Mama, mkono wako najua ni hodari. Lakini kinyama hiki kimejaa mishipa ya damu. Kikikatwa nyumbani, damu tutaizuiaje? Na mimba hii twaitaka damu yake yote." Mama mkwe akatikisa kichwa, akakaa kimya akifikiri.

Basi, wasikilizaji wetu, hicho kinyama ni kitu gani?

Mwili wa mwanamke mwenye mimba hutengeneza kwa wingi vichocheo viwili vinavyoitwa estrojeni na projesteroni. Kazi yake kubwa ni kuitunza mimba. Lakini kwa kuwa husafiri pamoja na damu, hufika kila mahali, hata katika ufizi. Hapo mishipa midogo ya damu hupanuka na kuongezeka, na ufizi huwa mwepesi wa kuvimba na kutoka damu.

Hilo peke yake halitoshi kuotesha kinyama. Lazima pawe na kitu kinachouchokoza ufizi, nacho kwa kawaida ni ukoga. Ukoga ni ule utando mlaini unaoshika meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi, nao umejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Usipoondolewa kila siku, chumvichumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama kijiwe. Huo mgumu huitwa ugaga, na mswaki hauwezi tena kuuondoa; wataka chombo cha daktari.

Ninyi wakulima mtafahamu upesi kwa mfano huu. Mvua ya masika hunyesha katika mashamba yote, la mvivu na la mwenye bidii. Lakini magugu humea kwa wingi katika shamba ambalo mbegu za magugu ziliachwa. Vichocheo vya mimba ni kama mvua: humfikia kila mama, wala hakuna awezaye kuizuia, wala si vema kuizuia, maana ndiyo inayomkuza mtoto. Ukoga ni kama mbegu ya magugu. Mvua hatuwezi kuikataza, lakini kupalilia twaweza.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1963 Löe na Silness, wataalamu wa meno wa Skandinavia, walitoa habari za ufizi wa wanawake wenye mimba waliowachunguza. Waliona kwamba uvimbe wa ufizi huongezeka tangu mwezi wa pili hata mwezi wa nane, kisha hupungua mwezi wa mwisho. Mwaka 1965 Löe na wenzake, huko Aarhus katika nchi ya Denmaki, waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kabisa kusafisha meno. Kabla ya majuma matatu na siku chache kupita, wote walikuwa wamevimba ufizi. Walipoanza tena kusafisha, ufizi ukapona kwa muda wa kama juma moja. Nao hawakuwa wanawake wenye mimba. Ikiwa mtu asiye na mimba huvimba hivyo kwa kuacha mswaki, je, huyo mwenye mimba? Hapo ndipo tulipoona ukubwa wa kosa letu. Damu ya ufizi haisemi, "Acha mswaki." Yasema, "Nisafishe vizuri zaidi."

Kuvimba kidogo kwa ufizi ni kwa mama wengi. Lakini kinyama chenyewe hawakipati wengi. Vitabu vingi husema kwamba huwapata wasiozidi watano katika kila mia. Mara nyingi huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza, huota kati ya meno mawili, hasa ya mbele na ya juu, na huongezeka mpaka karibu na kuzaa. Kwa kawaida hakizidi kipenyo cha sentimita mbili. Hakiumi sana, ila huumia kikitafunwa. Vitabu vya udaktari hukiita granuloma piojeni, maana yake uvimbe uletao usaha; jina hilo ni la makosa ya zamani, maana usaha hakina.

Sasa sikieni maneno makuu matatu. La kwanza: hiki si saratani, wala hakigeuki kuwa saratani. La pili: hakiambukizi, mama aweza kula pamoja na wenziwe na kumbusu mwanawe. La tatu: hakimletei mtoto kilema, wala si alama ya dhambi ya mama au ya uchawi wa jirani. Wale waliomnong'onea mama huyu walimwibia usingizi wake bure.

Wengine huuliza: Je, ufizi mgonjwa waweza kuleta mtoto njiti? Wataalamu wa nchi mbalimbali wameshindana sana juu ya swali hilo. Mwaka 2007 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wao juu ya mama waliozaa mapema au waliozaa watoto wadogo, wakiwalinganisha na mama wengine. Hawakuona kwamba ugonjwa wa ufizi ndio uliokuwa sababu. Kwa hiyo hatuwatishi mama kwa jambo hilo. Twasema tu kwamba kinywa kizima ni raha ya kula, na kula ndiko kunakomjenga mama na mtoto.

Lakini kusema kwamba kinyama hiki si saratani si kusema kwamba mtu akitazame mwenyewe katika kioo na kuamua. Kuna vitu vingine vinavyofanana nacho. Kuna jipu la jino bovu, lenye usaha na maumivu makali. Kuna uvimbe wa rangi ya zambarau, uitwao sakoma ya Kaposi, unaowapata hasa watu wenye virusi vya Ukimwi wasiotumia dawa. Kuna saratani nyingine za taya zinazokua upesi sana. Basi mama akiona kwamba meno yanalegea, au taya lavimba nje, au mdomo wafa ganzi wenyewe, au uvimbe umekuwa wa zambarau au mweusi, au wakua siku hata siku, asingoje hata juma moja. Na asiye na dalili hizo naye aende, ila aende bila hofu. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tueleze matibabu, maana watu wengi wa kwetu huamini kwamba mwenye mimba haguswi meno. Imani hiyo si kweli. Mwenye mimba aweza kutibiwa meno, na daktari hujua wakati ulio mzuri. Jambo la haraka, kama jipu au damu isiyokoma, hutibiwa mwezi wowote. Jambo linaloweza kungoja hufanywa hasa kati ya mwezi wa nne na wa sita, wakati kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Katika miezi ya mwisho mama akilazwa chali muda mrefu, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, akaona kizunguzungu. Kwa hiyo huwekewa mto chini ya ubavu wa kulia, ainame kidogo kushoto.

Tiba ya kwanza ni kusafisha. Daktari huondoa ugaga wote kwa vyombo vyake, hasa ule uliojificha chini ya ufizi karibu na kinyama. Akiona jino lenye ncha kali au tundu, hulitengeneza, maana hivyo navyo huuchokoza ufizi. Kisha humfundisha mama kupiga mswaki, na pengine humpa dawa ya kusukutua. Baada ya hapo, kama kinyama ni kidogo wala hakimsumbui, huachwa mpaka mama azae. Sababu ni nzuri: vikishapungua vile vichocheo, vinyama vingi hunywea, na vingine hutoweka kabisa bila kisu.

Kwa nini basi visikatwe vyote mara moja? Kwa sababu kikikatwa wakati wa mimba chaweza kuota tena, kwa kuwa mvua bado yanyesha. Lakini kama damu hutoka mara kwa mara, au kama mama hawezi kula, daktari hukikata hata kama mimba ipo. Humpiga sindano ya ganzi katika ufizi. Dawa ya lidokaini, ambayo hutumika sana, ni salama kwa mama na mtoto ikitumiwa kwa kipimo. Hukata mpaka kwenye shina, husafisha mizizi ya meno yaliyo jirani, na huizuia damu kabla mama hajaondoka kitini. Kazi hiyo si ya siku nzima. Kisha kile kipande hutiwa katika dawa na kupelekwa kwa wapimaji wa hospitali kubwa, kwa mfano KCMC huko Moshi, ili kitazamwe kwa darubini, shaka isibaki.

Hapo mwaona tofauti ya kisu cha daktari na wembe wa nyumbani. Tofauti si ukali. Wembe wa nyumbani hauna ganzi, hauna dawa ya kuzuia damu, haufiki kwenye shina, hauondoi ugaga, wala hauna mtu wa darubini. Tena wembe usiotakaswa sawasawa waweza kupitisha magonjwa ya damu kutoka mtu hata mtu.

Juu ya damu yafaa tuongeze neno. Mama wengi wenye mimba wana upungufu wa damu, na ndiyo maana kliniki huwapa vidonge vya kuongeza damu. Damu itokayo ufizini kila siku ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mama mwenye kinyama amwambie mkunga, ili apimwe damu. Na kikianza kutoka damu ghafula nyumbani, fanyeni hivi: mama aketi wima, chukueni kitambaa safi, mkikunje, mkiloweshe maji safi, akikandamize juu ya kinyama kwa kidole kwa dakika 15 kamili, bila kuchungulia. Kuchungulia kila mara ndiko kunakoifungua tena damu. Kama baada ya dakika hizo haijakoma, kandamizeni tena huku mkimpeleka hospitali, hata kama ni usiku.

Dawa za dukani zisitumiwe ovyo. Vidonge vya tetrasaiklini, ambavyo watu wengine huvijua kwa rangi zake mbili na kuvimeza kwa kila kidonda, huingia katika meno ya mtoto aliye tumboni na kuyatia rangi. Aspirini hufanya damu isigande upesi. Mama amwulize kwanza mtu wa kliniki.

Sasa twaja kwenye kupalilia, yaani kazi ya kila siku.

Kwanza, piga mswaki mara mbili kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki mlaini na dawa ya meno. Uinamishe mswaki kidogo ili nyuzi zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi, ukauzungushe polepole. Usisugue kama usuguaye sufuria.

Pili, asiye na mswaki wa duka atumie mswaki wa mti, kama walivyotumia wazee wetu. Atafune ncha mpaka iwe laini kama brashi, asafishe kila jino nje na ndani, si yale ya mbele yaonekanayo tu.

Tatu, penye kinyama usiparuke. Safisha kwa upole jino lililo pembeni yake. Damu kidogo ikitoka, usiogope, endelea. Baada ya siku kadhaa utaona imepungua.

Nne, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika kikombe kimoja, kisha uyateme.

Tano, ukitapika usikimbilie mswaki, kwa sababu uchungu wa tumboni huwa umelilainisha jino. Sukutua kwa maji kwanza, ungoje kama nusu saa, ndipo upige mswaki.

Sita, kula vizuri. Maharage, maziwa, mayai, mboga za majani na matunda vipo katika mashamba na maboma yetu. Chai yenye sukari nyingi na soda hulisha vijidudu kuliko kumlisha mama.

Hapa lipo neno moja lililo letu hasa, sisi tukaao katika nchi za Bonde la Ufa. Maji ya sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania yana madini ya floraidi kupita kiasi, na magadi tunayotia katika chakula huweza kuongeza. Kwa sababu hiyo watu wengi wa kwetu wana meno ya kahawia tangu utotoni. Basi husikia mama akisema, "Meno yangu yaliharibika zamani, ya nini kuyasugua?" Mama mpenzi, ile rangi i ndani ya jino, haitoki kwa mswaki, wala si uchafu wako. Lakini ukoga hukaa juu ya jino la kahawia kama ukaavyo juu ya jino jeupe, na ufizi wako ni sawa na wa mtu wa pwani. Usiuache ufizi ufe kwa sababu ya rangi ya jino.

Mtauliza, twende wapi? Anzeni pale mlipo, katika kliniki ya wajawazito ya zahanati yenu. Mkunga akikupima tumbo, usingoje akuulize. Fungua kinywa umwonyeshe. Yeye ataandika barua ya kukupeleka kwa daktari wa meno. Zipo hospitali huko Mbulu mjini, na huko Katesh katika Hanang, na iko ile ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei. Twajua kwamba wakati wa mvua njia zetu ni tope na vijito hufurika. Ndiyo sababu twasema: nenda mapema, mimba ikiwa ya miezi minne, wala si siku ya uchungu.

Nanyi waume, sikilizeni. Mwenzetu yule alikuwa mtu mwema, lakini mkewe alilala juu ya mto wenye damu kwa majuma, naye hakujua. Mkeo akiziba kinywa, muulize kwa upole. Akiba mnayoweka kwa siku ya kuzaa, ongezeni nauli ya safari mbili za daktari wa meno. Nanyi mama wakwe, mkono wenu ni nguzo ya nyumba. Huyo kijana hawezi kuwakataza, kwa heshima aliyo nayo kwenu. Kwa hiyo ninyi wenyewe wekeni wembe chini, mshike mkono wake mwende naye. Nanyi wanafunzi, mkiona mwalimu wenu wa kike au dada yenu ana kinyama kama hiki, msicheke wala msinong'one. Semeni yale mliyosikia leo.

Twarudi sasa kwa mke wa mwenzetu. Siku ile daktari hakumkata. Alimsafisha meno, akampa mswaki mlaini, akamwambia arudi baada ya majuma mawili. Siku tano baadaye alikuwa akila ugali na mboga, na foronya yake ilikuwa nyeupe. Kinyama hakikuondoka, ila kiliacha kukua. Alizaa mtoto wa kike, mzima, anayelia kwa nguvu. Mtoto alipotimiza miezi mitatu kinyama kilikuwa kimenywea kikawa kama punje ya dengu, lakini hakikuisha. Akarudi, akapigwa ganzi, kikakatwa, na kipande kikapelekwa kupimwa. Jibu likaja: si saratani. Mpaka leo hakijaota tena, naye akicheka hazibi kinywa.

Mama mkwe alirudi kijijini. Twasikia kwamba sasa, mwali yeyote wa jirani akipata mimba, yeye humwambia afungue kinywa, akatazama, kisha akauliza kama daktari, "Je, mwanangu, wapiga mswaki?" Nasi walimu tumejifunza kutojibu upesi jambo tusilolijua. Maneno yetu mafupi ya siku ile yalimgharimu mama yule majuma matatu ya hofu na damu.

Basi, wasikilizaji wetu, ikiwa katika nyumba yenu yupo mama mwenye mimba, mwulizeni usiku huu kama ufizi wake watoka damu. Akisema ndiyo, msimnyang'anye mswaki. Mpeni maji ya uvuguvugu na chumvi, na asubuhi mpelekeni kliniki.